Mkono wa Jumamosi

Nyumba ya Mama Obiero, pale Mabatini, Mwanza, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea nje. Uwe unakwenda dukani, uwe unakwenda kuteka maji, uwe unakwenda kumwaga taka mtaroni, njia ilikuwa ile ile: ukumbi mwembamba wenye vyumba huku na huku, na mwisho wake, karibu kabisa na mlango wa barabarani, kigoda. Juu ya kigoda alikaa Mama Obiero akichambua dagaa, ungo magotini, miguu ameinyoosha mpaka ukuta wa pili. Na mkwe haruki miguu ya mkwe. Ilibidi usimame, useme unakokwenda, naye aikunje au asiikunje.

"Wapi tena, nyar Misungwi?"

Ndivyo alivyomwita mke wa mwanawe siku zote, binti wa Misungwi, kwa maana Wajaluo humwita mke kwa kwao alikotoka, hata akae miaka mingapi. Jina lake lilikuwa Rozina. Alitoka kwa baba yake akiwa ameshika cheti cha darasa la saba na godoro moja, akaletwa mjini na Obiero, akawekwa kwenye chumba cha uani. Hakuwekwa uani kwa dharau. Ni desturi: mwana aliyeoa hawezi kulala chini ya paa moja na mama yake. Basi mama alilala nyumba kubwa, mwana na mkewe wakalala kibanda cha nyuma, na uani pakazungushwa ukuta wa matofali. Juu ya ukuta yalianza mawe ya kilima, na juu ya mawe nyumba za watu wengine. Rozina aliwajua watu wa kule juu kwa nguo zao zilivyoanikwa. Alijua nani kanenepa, nani kapata mtoto, nani kavaa suruali mpya ya mtumba. Majina yao hakuyajua.

Obiero alikata minofu ya sangara kwenye kimojawapo cha vile viwanda vilivyoota kando ya ziwa miaka ile kama uyoga. Alitoka kabla hakujapambazuka, akarudi ananuka klorini, akala, akalala. Alikuwa mume mpole. Shida ya upole wake ni kwamba aliugawa sawasawa, nusu kwa mama, nusu kwa mke, na kila palipotokea neno zile nusu mbili zilifutana, akabaki mtu aliyelala.

Mtoto walikuwa naye mmoja, msichana, Akelo. Jina hilo hupewa anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe hawakukaa; surua iliwachukua wote wawili kabla hawajajua kutembea. Ndiyo maana Akelo hakuwa mtoto wa kuachwa tu acheze. Akikohoa, nyumba nzima husimama. Sasa mtoto huyo wa kutazamwa, alipoanza kushika vitu, alishika kwa mkono wa kushoto.

Bibi yake, ambaye mtoto alimwita Dani kama wajukuu wa Kijaluo wote, alikata ukanda kwenye kanga kuukuu. Kila wakati wa kula aliuchukua ule mkono wa kushoto, akaupeleka nyuma, akaufunga kiunoni. Hakufunga kwa hasira. Alifunga kama mtu anayesuka nywele, akapitisha kidole ndani ya fundo kuona kama halibani.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na mwanamke aliyeuza samaki tangu Shirati mpaka Mwanza, nani atambishia habari ya samaki?

Mwanzo mkono ulifungwa wakati wa chakula. Kisha ukafungwa tangu asubuhi. Halafu, mtoto alipokaribia miaka sita, ukanda ukawa hauna kazi tena, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa umejifunza kujificha. Akiingia mtu mzima yeyote, Akelo aliukalia. Mgeni angemwona mtoto mwenye adabu, amekaa upande kidogo, kama kikombe kilichowekwa kwenye meza mbovu. Rozina aliona. Yeye hakuwa msemaji, lakini alikuwa haachi kuona.

*

Mwaka ule mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Moja lilikuwa na klabu yake kando ya ziwa, na siku ya mnada viti vilikwenda, majokofu yakakwenda, hata milango ikang'olewa ikakwenda. Kitu kimoja hakikupata mtu: piano. Mwishowe wakaitoa kwa kanisa, bure, mradi iondoke. Vijana wa mkokoteni waliipitisha Mabatini jua la saa sita, imelazwa chali na kufunikwa turubai, na watu wakatoka nje.

"Jamani, nani kafa?" aliuliza Mama Mihayo, jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye kimya kilikuwa kinamwasha.

"Hajafa mtu, mama. Ni kinanda."

"Kinanda gani kinalala kama tajiri?"

"Piano hiyo. Ina meno kuliko ukoo wako mzima."

"Na wewe unayeisukuma una nini? Jasho!"

Watu wakacheka. Rozina aliiona kwa juu ya kichwa cha mkwewe, kipande tu, mguu mmoja wa mbao uliochongwa vizuri, ukapita mlangoni ukaisha.

Jumapili mbili baadaye likatolewa tangazo kanisani. Mwalimu Hellen, Mhaya aliyelelewa na masista huko Bukoba na ndiye aliyeongoza kwaya, angeanza kufundisha piano watoto wadogo, wale ambao bado hawajatimiza miaka saba, kila Jumamosi alasiri. Hakuna malipo. "Kila mtoto aje na mzazi wake," alisema katekista, kisha akakiangalia kikaratasi tena kana kwamba kimemdanganya, "na ndimu moja."

Kanisa zima likacheka habari ya ndimu. Rozina hakucheka. Yeye alikuwa bado yuko kwenye neno la kwanza: na mzazi wake.

Alilibeba neno hilo siku kadhaa kabla ya kulitoa. Alimkuta mkwewe kigodani.

"Mama, ni kinanda cha kanisa. Watoto wa wenzetu wanakwenda."

Dani alitupa dagaa mmoja mbovu pembeni. "Hicho kikubwa kilichopita hapa?"

"Hicho hicho."

"Mtoto wa Obiero apige kanisani, watu wanasikia?"

"Akijua, Mama."

Yule mama alifikiri. Kisha usoni mwake pakapita kitu kilichofanana na msichana. "Nitakaa benchi la mbele," alisema, akaikunja miguu.

*

Ukumbi wa kanisa ulikuwa juu ya mawe. Ukisimama mlangoni, nyuma yako piano, mbele yako paa za bati, na mbali kidogo ziwa lote limelala. Rozina hakuwa amewahi kuliona kutoka pale. Miaka yote ile alikaa nalo mji mmoja kama jirani ambaye mmegawana ukuta.

Mwalimu Hellen alikuwa mnene, mwenye sauti ya kufikia benchi la mwisho. Aliwapanga watoto mezani kwanza, kila mmoja ameishika ndimu yake kwa kiganja kilichoinama. "Hivyo hivyo. Mkono unaopiga piano ni mkono unaoshika ndimu. Vidole vilegee, visilale. Umeikamua? Wewe unatengeneza pilipili au unasoma?" Watoto wakafa kwa kicheko. Halafu akawaleta kwenye piano, akawaonyesha vibao vyeusi vilivyosimama kati ya vyeupe, viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena.

"Hivi viwili vinavyokaa pamoja tunaviita mapacha. Nani atanionyesha mapacha wengine?"

Akelo alinyoosha kidole cha kulia, akawagusa. "Mapacha," alisema. Kisha akagusa kibao kilichofuata. "Halafu mimi."

Watoto hawakuelewa, wakacheka tu. Mwalimu naye alicheka. Rozina pale mlangoni aligeuza uso akaangalia paa za bati mpaka zilipotulia.

Baadaye ikaja zamu ya mikono miwili. Akelo alipandishwa kwenye kiti, akaweka mkono wa kulia juu ya vibao, mzuri kabisa, umeinama kama una ndimu ndani. Wa kushoto akaukalia.

"Na huu mwingine, mwanangu?"

Akelo akajiegemeza zaidi upande huo.

"Hana mkono!" alipiga kelele mmoja.

"Anao, ameukalia! Mwalimu, ameukalia kama yai!"

Mwalimu Hellen aliinua macho kumtafuta mama. Rozina alisikia uso wake unapata moto. Angesema nini? Kusema ni kutoa mambo ya nyumba ya watu na kuyaweka juu ya meza ya kanisa, na neno la kanisani hufika Mabatini kabla yako. "Ameumia," alisema.

Jumamosi ile ikapita hivyo, na iliyofuata ikapita hivyo. Akelo alipewa nyimbo za mkono mmoja. Jumamosi ya tatu Mwalimu alimwita Rozina pembeni.

"Mama Akelo, yule mtoto ndimu ilimdondoka sasa hivi. Alidhani simwoni. Unajua aliiokota kwa mkono gani?"

Rozina aliangalia chini.

"Mkono ulioumia hauokoti hivyo. Niambie, mwenzangu. Mimi si mtu wa kupeleka maneno."

Basi Rozina akamwambia, kwa sauti ndogo na kwa maneno machache, ukanda wa kanga, miaka mingapi, na kwamba hakuna ubaya uliokusudiwa. Mwalimu hakucheka wala hakumlaumu mtu.

"Wazee wetu wenyewe ndio waliosema mkono mmoja haulei mwana," alisema. "Na wimbo ni vivyo hivyo. Wa kulia unaimba, wa kushoto unabeba." Akaenda akachuchumaa mbele ya mtoto. "Akelo. Mimi hapa ni mkubwa, sivyo? Mimi mkubwa nauomba huo mkono. Nipe."

Mtoto alimwangalia mama yake. Rozina alitikisa kichwa kukubali. Mkono ukatoka polepole, kama kobe anavyotoa kichwa, ukatambaa upande wa mwisho wa piano, kwenye sauti nzito, ukabonyeza. Sauti ile ilikuwa nene, ikapita sakafuni, Rozina akaisikia kwenye nyayo. Watoto wenzake wote walihangaika na mkono wa kushoto kama mtu anayetembea na kiatu kisicho chake. Wa Akelo ulitembea wenyewe. Haukuuliza njia.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Rozina alipanga wiki yake yote kuelekea alasiri moja. Alifua Alhamisi, akasonga ugali wa Jumamosi mapema, akapita ukumbini akiwa amemshika mtoto mkono. Kurudi hawakuharakisha. Walikaa kidogo juu ya mawe, mtoto akipiga vidole vyote kumi kwenye paja la mama yake, mama akiangalia ziwa. Hakuna kilichotokea pale juu ya mawe. Ndiyo raha yenyewe.

*

Kilichoharibu ni adabu.

Mzee Oyoo, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Dani, alikuja kutoka Shirati. Mtu wa heshima, mwenye fimbo, ambaye kwa neno lake ukoo hukaa na kwa neno lake husimama. Kuku alichinjwa. Ndugu wakajaa sebuleni. Akelo akaitwa amnawishe babu mikono.

Alikuja na birika mkono wa kulia, vizuri, kama alivyofundishwa. Akapiga goti. Mzee alipomaliza kunawa, akamnyooshea mkono amsalimie. Sasa mkono wa kulia wa mtoto umejaa birika, wa kushoto mtupu, na ule wa kushoto siku hizi ulikuwa umekwisha kuambiwa na mtu mkubwa kwamba unaombwa. Akaunyoosha.

"Shikamoo, Babu."

Mkono wa mzee ulirudi magotini kwake. Hakuitikia marahaba. Aliangalia dari.

"Mjini hapa," alisema taratibu, "ndiyo mnasalimiana kwa mkono wa chooni?"

Mtu mmoja akacheka puani. Wengine wakaangalia sahani.

"Watoto wa nyumba hii hufundishwa na nani?" mzee aliuliza tena, na swali hilo hakumwuliza mtoto.

Dani alisimama mlangoni ameshika bakuli la mchuzi. Rozina, aliyekuwa nyuma yake, hakuuona uso wa mkwewe. Aliiona shingo tu, jinsi ilivyofupika.

Wageni walipoondoka, ukanda ulitoka tena sandukuni. Dani aliufunga bila neno, akapitisha kidole kwenye fundo. Kisha akasema, kama anayeuambia ukuta, "Na kinanda ndiyo basi."

Jumamosi Rozina alimwosha mtoto, akampaka mafuta, akampa ndimu. Wakaja ukumbini. Miguu ilikuwa imenyooshwa.

"Wapi?"

"Kanisani, Mama."

"Kanisani ni kesho."

Rozina alisimama. Miguu haikukunjwa. Akageuka na mtoto wake, wakarudi uani.

Jioni alimwambia Obiero. Obiero alikuwa anavua mabuti. "Mama amesema hivyo?" akauliza.

"Amesema."

"Basi ngoja apoe."

"Na asipopoa?"

"Rozina, mimi nifanyeje? Ni mama." Akajinyoosha kitandani, na baada ya kitambo kidogo alikuwa ni yule mtu aliyelala.

Alifikiri kwenda kwao. Alifikiri mpaka akaiona njia yote ya Misungwi, vumbi lake na mahali gari linaposimama. Lakini baba yake angemketisha siku tatu, amchinjie jogoo, kisha amrudishe mwenyewe kwa heshima zote. Na akienda, angekwenda peke yake, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Hapo fikra ikagonga ukuta ikarudi.

Jumamosi ya pili nayo ikapita. Alasiri Rozina alikuwa akifua. Akelo alikuwa amechuchumaa mbele ya ubao wa kufulia, wa kushoto umefungwa nyuma, wa kulia unacheza juu ya ubao kama juu ya vibao. Alikuwa anaunguruma. Rozina alidhani anaimba wimbo. Aliposikiliza, haukuwa wimbo. Ilikuwa ile sehemu nzito ya chini, ile inayobeba. Mkono ulikuwa umefungwa, basi kazi yake mtoto alikuwa anaifanya kwa mdomo.

Rozina aliacha kufua.

*

Siku iliyofuata Obiero alileta sangara mdogo, na Dani akakaa naye uani kumtengeneza. Kisu mkono wa kulia, magamba yakaruka. Akampasua tumbo. Kisha akafika kwenye nyongo, mahali ambapo mtengeneza samaki hushusha pumzi. Ukiipasua, mchuzi wote ni shubiri. Pale kisu kilihama. Kilitoka kulia kikaenda kushoto, bila haraka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na nyongo ikatoka nzima, kijani, imetulia kwenye ncha. Kisha kisu kikarudi kulia.

Rozina alikuwa amekiona kisu hicho kikihama miaka yote. Alikuwa hajawahi kukihesabu kuwa ni kitu.

Alichuchumaa karibu. Alichukua matumbo akayatia kwenye beseni. "Mama," alisema, "nyongo umeitoa kwa mkono gani?"

Yule mama alisimamisha kisu. Aliuangalia mkono wake kana kwamba mtu mwingine kausahau pale.

"Una macho wewe, nyar Misungwi. Kumbe kimya chako chote ni macho."

Rozina alisogeza beseni.

"Nilikuwa kama yeye." Dani alipandisha mikono ya gauni, akaigeuza mikono yake juani. Ngozi ya ule wa kushoto ilikuwa inang'aa, imejikunja, tangu vidoleni mpaka juu ya kifundo. Rozina siku zote alidhani ni moto wa tanuri la kukaushia samaki. "Uji," alisema Dani. "Uji wa mtama, umetoka jikoni sasa hivi. Mama yangu aliutumbukiza mkono humo na akaushikilia. Naye alilia kuliko mimi. Alisema afadhali ulie leo kuliko nyumba ya mume ikuchekelee kesho." Akaurudisha mkono kwenye samaki. "Mimi namfunga kwa kanga. Tena kanga laini, na nakifua hicho kitambaa. Ukaona mimi ni mbaya."

"Sikuona hivyo, Mama."

"Uliona. Usiniongopee mbele ya samaki."

Inzi walikuja, Dani akawafukuza.

"Mama," Rozina alisema, na ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa katika nyumba ile, "mkono wako haukukusahau hata kwa uji. Kuna kazi moja tu bado unaupa, kwa sababu wa kulia ungeiharibu. Na wa Akelo una kazi moja. Iko kule kanisani. Nyumbani hapa ale kwa kulia, asalimie kwa kulia, apokee kwa kulia. Mimi sibishi. Jumamosi tu, kwenye piano, ufunguliwe."

Dani aliosha kisu. Alikiosha muda mrefu.

"Na nani atamfundisha kwamba hapa ni hapa na kule ni kule? Umemwona mbele ya Oyoo. Mtoto hana ukuta kichwani."

Rozina alizoa magamba yaliyoruka.

"Basi utamfunga wewe," alisema Dani.

"Mama?"

"Wewe. Kuanzia leo mimi siugusi mkono wa mtoto huyo. Asubuhi ufunge wewe, usiku ufungue wewe. Jumamosi ufungulie huko huko mlangoni kwa Mwalimu wako, na kabla hujaingia hapa kwangu uwe umefunga. Siku nikikuta umelegeza, hakuna kinanda, na wewe barabara utaiona kwa juu ya kichwa changu." Aliinuka akishika kiuno. Sauti yake iliposhuka haikuwa na ukali tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimechoka kuwa mbaya peke yangu."

Aliingia ndani, akarudi na ukanda, akauweka mkononi mwa Rozina. Ulikuwa umekunjwa vizuri. Ulinukia sabuni.

Asubuhi ya kwanza Rozina alimwita mtoto kama anayemwita kusukwa. Akelo alikuja akageuka mgongo, akidhani ni nywele. Alipousikia mkono wake unavutwa nyuma, aligeuza kichwa.

"Mama, na wewe?"

Rozina aliwahi kumshika mtoto huyo akichomwa sindano, aliwahi kumnywesha dawa chungu kwa kumziba pua. Siku zile alijua afanyalo. "Ni ili tupate Jumamosi," alisema. Akafunga, fundo likafunguka, akafunga tena.

"Dani anaanzia huku chini," mtoto alimwelekeza.

Jumamosi ilipofika wakapita ukumbini, hakuna aliyeulizwa wapi. Mlangoni kwa ukumbi wa kanisa Rozina alimgeuza mtoto ukutani, akafungua, akausugua mkono mpaka alama zikaanza kupotea, akamwachia. Akelo alikimbia. Muda si mrefu sauti nzito ilikuja sakafuni, ikafika nyayoni, haikuwa imesahau hata hatua moja. Rozina alisimama akiwa ameukunja ukanda ndani ya ngumi.

Mwalimu Hellen alitoka kumsalimia, akacheka kwa furaha ya kuwaona tena. Kisha akaona ncha ya kanga ikichungulia kati ya vidole. Aliiangalia, akamwangalia Rozina.

"Siku hizi nani anamfunga?"

Rozina angeweza kueleza habari ya uji, na nyongo, na miguu iliyonyooshwa ukumbini. Yote yalikuwa kweli. "Mimi," alisema.

Mwalimu alimtazama jinsi ambavyo Rozina mwenyewe, miaka mingi, alikuwa akimtazama Dani. Kisha akaitwa na watoto, akaingia ndani.

Somo likaisha. Watoto wakamwagika nje wakirushiana ndimu, mama zao wakiwaita. Akelo alikuja wa mwisho, amechangamka, anasimulia kwamba Mwalimu kasema Pasaka atapiga wimbo mzima, mkono huu na huu, mbele ya watu, na kwamba Dani atakaa benchi la mbele. Alikuwa bado anasimulia alipofika kwa mama yake, na bila kuambiwa, bila kukatisha habari yake, akageuka mgongo, akaupeleka mkono nyuma na kungoja.

Rozina akaanzia huku chini. Fundo halikufunguka. Akapitisha kidole kuona kama halibani.